Bi Sindano: Aliyeosha Ndege, Likatoka Jina la Kaka Yake

Saa mbili na nusu asubuhi, ndege aitwaye kubwiro amelala chali juu ya gazeti la juzi, miguu juu, kama mtu aliyekataa kuamka. Jana alijigonga kwenye kioo cha jengo la benki, na mlinzi wa zamu akamleta hapa ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa umebeba mkate. Ni dume. Mwili ni wa manjano ya kiini cha yai, mabawa meusi, mdomo mwekundu uliofifia. Bi Sindano anapuliza manyoya ya kifuani mpaka yagawanyike, anaweka ncha ya kisu kwenye mstari uliojitokeza, na ngozi inaanza kuachana na nyama bila tone la damu.

"Huyu alikuwa na safari," anasema, bila kuinua uso.

Ushahidi anao mkononi. Ameigeuza ngozi ndani nje kama soksi, na upande wa ndani umetandwa mafuta mazito, rangi ya siagi, kuanzia shingoni hadi mkiani. Kubwiro ni ndege mwimbaji anayehama. Sehemu ya mwaka hukaa huku, sehemu nyingine huenda kuzaliana mbali kaskazini, na kabla ya kuondoka hula kama aliyeambiwa kesho hakuna. Njiani hatakuta mtu wa kumkaribisha. Chakula cha safari amekivaa chini ya ngozi.

Kwa ndege, mafuta hayo ni uhai. Kwa mchunaji ni balaa linalosubiri wakati wake. Bi Sindano anachukua kisu butu, ananyunyiza unga wa mahindi, anakwangua, anapangusa, ananyunyiza tena. Chai yake imeshapoa. Kazi hii ndiyo inayokula asubuhi nzima, na kwa mtazamaji haina cha kupendeza.

"Kuchuna kunataka mikono," anasema. "Kukwangua kunataka tabia. Mwenye haraka atachuna vizuri na mafuta atayaacha, na wala hutamjua leo. Utamjua baada ya miaka."

Mtu anayesemwa katika maneno hayo yupo hai, anaishi mtaa wa pili, na ni kaka yake wa tumbo moja.

Bi Sindano ni mchunaji na mtunza makabati ya ndege katika jumba la makumbusho. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya mshono wake, ambao hata kwa miwani ni vigumu kuuona, na sasa wanawe wenyewe hulitumia wanapotaka kumwomba kitu. Amebakiza miaka miwili kustaafu. Mshahara wake hataki utajwe, si kwa aibu, bali kwa kuwa mwenye nyumba wake naye husoma gazeti.

Chumba chake kiko nyuma ya jengo, ghorofa ya chini: sinki moja, dirisha moja lenye wavu, feni ambayo imebaki kuwa pambo, na meza ndefu iliyotobolewa na pini kwa vizazi viwili vya wachunaji. Harufu ya dawa ya nondo imeingia kwenye kuta, kwenye kanga zake na, kwa mujibu wa wajukuu wake, kwenye maongezi yake. Wanasema bibi ananukia kabati.

Nje ya mlango kuna ukumbi mrefu wa makabati ya chuma, na ndani ya makabati kuna droo, na ndani ya droo wamelala ndege maelfu, waliojazwa pamba, macho meupe, kila mmoja na lebo mguuni. Wamepangwa kwa udugu. Angalau hilo ndilo kusudio.

Anayedhani udugu wa viumbe ni jambo lililokwisha kuamuliwa, aje hapa aone magurudumu ya toroli yalivyochakaa. Kila wataalamu wanapobadili mawazo kuhusu nani ni ndugu wa nani, Bi Sindano hupakia droo na kuzihamisha. Kubwiro aliwahi kuwekwa ukoo mmoja na kambu, ndege wa buluu asiyemhusu hata kwa ndoa. Katika jumba hili hili, jike lake, ambaye ni wa kijani na hana makuu, alikaa miaka katika droo ya mbali kama spishi nyingine, hadi barua ilipofika kutoka huko wanakozaliana ikieleza kwamba wale ni mke na mume.

"Nikawarudisha pamoja," anasema Bi Sindano. "Hawakunishukuru."

Ndege huyu huhama mara mbili kwa mwaka. Jina lake limehama mara nyingi zaidi, na bila bawa hata moja.

Katika uhamaji wote huo ipo kanuni moja ambayo haivunjwi: lebo ya zamani haikatwi. Jina likibadilika, lebo mpya hufungwa juu ya ile ya awali, kwa uzi wa pamba, mafundo mawili. Ndege aliyebishaniwa sana hubeba mguuni rundo la vikaratasi, na anayetaka kujua alivyoitwa na kila kizazi atavifunua kimoja kimoja. Makosa ya wakubwa hayatupwi. Yanafunikwa tu, na yanasomeka.

Bi Sindano hakuja hapa kwa kupenda ndege. Alikuwa fundi cherehani, mwenye kibaraza cha kupanga na mashine ya miguu yenye mkanda uliokatika kila Ijumaa. Kaka yake alikuwa dereva wa makumbusho. Mchunaji wa wakati huo alipolalamika kwamba macho yake yamechoka, dereva alimwambia mkuu wa idara kuwa anaye dada anayeweza kushona hata kitambaa kilichooza. Wakamwita, wakampa ndege aitwaye shorewanda, aliyegongwa na gari. Akamshona. Hajarudi kwenye kibaraza tangu siku hiyo.

Kwa hiyo kazi anayoila na kuivaa ni ya mkono wa kaka yake. Jambo hilo kaka hajawahi kulisahau, wala kuacha lisahaulike.

Huyu kaka, sasa mzee mstaafu mwenye goti bovu na kofia isiyovuka mlango bila yeye, mtaani kwake anaitwa Mwenye Ndege. Si utani mtupu. Kabla dada yake hajaajiriwa, aliendesha gari la watafiti hadi kwenye kilima kimoja chenye msitu, msimu wa mvua. Siku ya tatu mchunaji akashikwa na homa, akawa anatapika ndani ya ndoo, na asubuhi hiyo hiyo wavu ukanasa kubwiro watatu madume kutoka kichaka kimoja. Dereva, ambaye alikuwa ameshatazama kazi hiyo mara nyingi kutoka kwenye kiti cha gari, alichukua kisu akawachuna yeye.

Ndege hao walilala droo moja kwa miaka mingi. Ndipo akaja mtaalamu mgeni, mtu wa heshima zake, akavuta droo, akaona jambo. Kubwiro madume wote duniani ni wa manjano. Hawa watatu walikuwa na kifua cha rangi ya chungwa, inayoelekea hudhurungi tumboni. Mmoja angekuwa ajali. Watatu, kutoka kilima kimoja, aliona hawawezi kuwa ajali. Akawatangaza kuwa nususpishi mpya, yaani kundi dogo ndani ya spishi, kama mlango ndani ya ukoo. Na kwa kuwa lebo ilionyesha nani aliyewaleta, akatwaa jina la dereva, akalifunga mkia wa Kilatini, akampa ndege.

Mmoja wa wale watatu aliteuliwa kuwa mwenye jina, ndege ambaye jina limekaa juu yake rasmi na ambaye hagusiki. Wengine wawili wakawa mashahidi wake.

Tangu hapo dereva hakuwa dereva tena. Ukurasa uliochapishwa aliutia fremu, akautundika sebuleni juu ya televisheni, akapokelewa kwa sifa hiyo kwenye harusi na vikao vya ukoo. Kinyozi alimpa kiti bila foleni. Mtu akimkera kwenye maongezi, alimwuliza kwa upole kama naye ana kiumbe chochote kinachoitwa kwa jina lake, hata kama ni kunguni.

"Kaka yangu hana majivuno mengi," anasema Bi Sindano. "Analo moja, ila ni kubwa, limejaza nyumba."

Na yeye mwenyewe alilimwagilia maji. Kila mgeni aliyepita kwenye ukumbi wa makabati alifunguliwa ile droo, akaonyeshwa vifua vya chungwa, akaambiwa: huyu ni wa kaka yangu. Alisema hivyo kwa miaka, akiwa mchunaji hodari, mafuta yakiwa mbele ya macho yake. Hakuyaona kwa sababu hakuwa akitazama ndege. Alikuwa akitazama kaka.

Aliyetazama ndege ni Daktari. Si daktari wa watu. Ni mtafiti kijana wa chuo, mwanamke mwenye sauti ndogo na viatu vya matope, ambaye misimu mitatu amekuwa akitega nyavu kwenye kilima kile kile, akiwavisha ndege pete na kuwaachia. Alikuwa ameshika kubwiro wengi, na madume wote walikuwa wa manjano. Wa chungwa hakumpata hata mmoja. Mwanzoni alidhani kundi lile limetoweka, akasikitika. Kisha akaomba kipande kidogo cha ngozi ya kidole cha wale watatu, akakipeleka maabara. Jibu lilirudi kwamba hawana tofauti yoyote na wenzao.

Akabaki na swali la rangi. Akaja kwa Bi Sindano, akamwomba, kwa adabu nyingi kuliko zinazohitajika baina ya wafanyakazi, amwoshe mmoja wa wale mashahidi wawili.

Kumwosha ndege wa makabati ni kazi ya kawaida. Bakuli la spiriti, brashi laini, kisha unga wa mahindi wa kunyonya, kisha mashine ya kukaushia nywele ambayo Bi Sindano aliinunua kwa fedha zake kwa kuwa ofisi ilikuwa bado inalifikiria ombi. Alimwingiza ndege ndani ya bakuli. Spiriti ikageuka, ikawa kama chai ya rangi. Akaimwaga, akatia nyingine. Ikageuka tena.

Alipowasha mashine na manyoya yakaanza kusimama, kifua kilikuwa cha manjano. Manjano yale yale ya kubwiro aliyejigonga kioo cha benki.

Mafuta. Dereva, kwa haraka na kwa mvua, aliwachuna vizuri na hakuwakwangua. Mafuta ya safari, yaliyowekwa na ndege kwa ajili ya njia ndefu, yakabaki chini ya ngozi, yakaoza polepole, yakapenya hadi kwenye manyoya, yakayapaka rangi mwaka baada ya mwaka. Mtaalamu mgeni alikuwa na haki kusema kwamba watatu hawawezi kuwa ajali. Ilikuwa kazi ya mkono mmoja.

Daktari anasimulia kwamba mashine iliendelea kuunguruma hata baada ya manyoya kukauka. Kisha Bi Sindano akaizima.

"Tumemwosha kaka yangu," alisema. "Ametakata mpaka amekwisha."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu ya kalenda. Alhamisi hii, darasa la mjukuu wa Mwenye Ndege linatembelea makumbusho. Shule imemwomba babu awe mgeni rasmi, asimame mbele ya droo, awaeleze watoto habari za ndege wake. Suti imeshapanuliwa kiunoni.

Daktari, ambaye ni binadamu, alitoa njia. Makala yake inaweza kusubiri mwezi mmoja au miwili. Sayansi imeshasubiri zaidi ya hapo kwa sababu hafifu zaidi. Aliyeoshwa awekwe droo nyingine. Wale wawili wa chungwa wabaki. Mzee aje, aseme yake, apigiwe makofi, aende nyumbani. Baadaye ndipo aambiwe, au asiambiwe.

"Mama, sitaki kukuharibia," alimwambia. "Uamuzi ni wako."

Bi Sindano anakiri kuwa aliichukua njia hiyo kichwani, akatembea nayo hadi nyumbani. Alipika nayo. Ilikuwa njia nzuri na ilikuwa na kasoro moja tu: kaka yake husoma. Hasomi magazeti wala barua za shule, lakini kinachomhusu yule ndege hukisoma hadi nukta ya mwisho, na kisichoeleweka humpelekea mjukuu amtafsirie. Angeijua habari hiyo kwa kinywa cha mtoto, baada ya kusimama mbele ya watoto thelathini akisema lisilo kweli, na dada yake akiwa pembeni ameshika droo.

"Nikasema, kama ni kunyolewa, anyolewe na wembe wa nyumbani," anasema.

Jumapili alikwenda. Alivaa vizuri, jambo ambalo wifi yake, mke wa Mwenye Ndege, alilishuku palepale mlangoni. Wakamkaribisha, wakamimina chai. Kaka alikuwa amekaa chini ya fremu yake, mguu wenye goti bovu juu ya kigoda, na hamu ya kumwonyesha dada suti. Akaionyesha. Dada akaisifu. Halafu hapakuwa na kingine cha kusifu, akasema.

Alisema yote kwa mpangilio, kama anavyochuna: nyavu za Daktari, maabara, bakuli, rangi ya chai. Kaka hakumkatiza. Wifi alisimama na birika mkononi, akasahau kuliweka.

"Nani alikutuma umwoshe?" kaka aliuliza mwishowe.

"Kazi."

"Kazi niliyokutafutia mimi."

"Ndiyo, kaka. Ungenitafutia ya benki, leo ningekuletea habari za benki."

Hakucheka. Aliuteremsha mguu kutoka kwenye kigoda. Kisha akasema kwamba alikwangua. Anakumbuka kabisa, alikwangua. Bi Sindano akamjibu kwamba alikwangua ya juu tu.

"Mvua inapiga turubai," alisema kaka, "mchunaji anatapika, mimi nimeshika usukani tangu juzi, na ndege watatu wamekufa wananitazama. Ulitaka niwaache waoze?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umeleta tu."

Bi Sindano alijaribu faraja aliyokuwa ameiandaa, ile kanuni ya lebo. Alimweleza kuwa jina lake halikatwi. Litafunikwa na lebo mpya, lakini litakuwepo chini yake, kwa mafundo mawili, maadamu jengo linasimama. Kaka aliipima faraja hiyo kama anavyopima tairi lililozibwa.

"Kwa hiyo nitabaki kama kibao cha duka lililofungwa," alisema. "Watu wanajua paliuzwa kitu."

Halafu akamwomba wifi amletee dada viatu vyake. Kwa lugha ya nyumba ile, maongezi yalikuwa yamekwisha.

Inafaa kusemwa, kwa kuwa gazeti huandikwa kwa ajili ya wasiokuwepo, kwamba mzee huyu hakudanganya mtu. Hakuomba jina. Hakusema ndege ni mpya. Aliyesema ni mtu mwenye shahada. Yeye alifanya kazi isiyokuwa yake, siku mbaya, kwa kisu cha kuazima, na akaifanya nusu. Heshima ilimfikia kwa sababu ya ile nusu ambayo hakuifanya. Wapo watu wengi wenye mitaa na shule zinazoitwa kwa majina yao kwa sababu zisizo bora kuliko hiyo, tofauti ni kwamba hao hakuna aliyewatia kwenye bakuli la spiriti.

Na lipo lililobaki baada ya kuoshwa. Daktari anasema tarehe na mahali vilivyoandikwa kwenye lebo zile za kwanza, kwa mkono mzito wa dereva, ni sahihi. Hakuna rekodi nyingine ya kubwiro kwenye kilima kile kwa miaka hiyo. Akizilinganisha na nyavu zake za leo, anaweza kuona kwamba ndege hawa sasa wanaondoka mapema kuliko walivyokuwa wakiondoka enzi ya dereva. Kwa nini, bado hajui, na hataki kubahatisha. Lakini swali lenyewe asingekuwa nalo bila wale watatu.

"Nimeandika jina lake kwenye makala," anasema Daktari. "Si kama jina la ndege. Kama mtu aliyewapata." Anaongeza kuwa anajua haitatundikwa juu ya televisheni.

Televisheni yenyewe imepata matatizo yake. Siku ya pili baada ya ile Jumapili, wifi alimpigia Bi Sindano simu kumweleza kwamba Mwenye Ndege ameiteremsha fremu, ameifuta vumbi, ameiegemeza chini uso ukitazama ukuta. Pale ilipokuwa imebaki alama ya mraba, rangi safi kuliko ukuta wote.

"Inatukodolea macho tukila," alisema wifi. "Nimemwambia airudishe hata kwa ajili ya kuziba tu. Anasema yeye si bati."

Alikuwa amekwenda kunyoa, wifi akaendelea, na alipopewa kiti bila foleni alikataa, akakaa kwenye benchi kusubiri zamu yake. Kinyozi akaogopa, akadhani mzee anaumwa. Suti haijarudi kabatini wala haijavaliwa; inaning'inia nyuma ya mlango, na kila mtu wa nyumba ile anaipita kimya kama anavyopitwa mgeni aliyelala.

Bi Sindano hakumpigia. Anasema kwa kaka yake simu ya pili huwa ni kumlazimisha, na akilazimishwa huwa jibu ni hapana hata kama alikusudia ndiyo. Ametumia siku hizo kuandaa droo.

Leo, baada ya kumaliza kumshona kubwiro wa benki na kumlaza kwenye ubao akauke, anaifungua aonyeshe. Watatu wamelala sambamba. Kulia ni aliyeoshwa, wa manjano. Katikati ni shahidi wa pili, kifua cha chungwa, ambaye ataoshwa baadaye, akipatikana mtu wa kushika bakuli. Kushoto ni mwenye jina. Huyo hataoshwa. Kanuni inakataza, na safari hii Bi Sindano anakubaliana na kanuni: atabaki na mafuta yake, ili yeyote atakayebisha aje ayaone.

Lebo mpya zimeshaandikwa. Zinasema ni kubwiro wa kawaida, bila mkia. Amefunga mbili. Ya mwenye jina bado iko mezani, uzi umeshapitishwa kwenye tundu.

Hajaifunga kwa sababu anataka kaka yake awepo. Hilo ndilo tumaini lake lote kwa wiki hii, na analieleza bila mapambo. Watoto watakuja Alhamisi hata mzee asipokuja. Yeye anaweza kuwaonyesha droo, anaweza kuwaeleza mafuta ni nini na kisu butu ni cha kazi gani, na wengine watasikiliza na wengine watauliza choo kiko wapi. Lakini yeye hakuwepo kwenye kilima kile. Mvua, turubai, ndoo, uamuzi wa dereva kuchukua kisu ambacho si chake, hayo yana msimulizi mmoja tu duniani, na kwa sasa amekaa kwenye benchi la kinyozi.

"Akisimama pale aseme, 'Nilikosea hivi, na wakubwa wakakosea juu yangu hivi,' watoto hawatasahau," anasema. "Mimi nikisema, ni somo. Yeye akisema, ni habari."

Na kama hataki?

Bi Sindano anavuta uzi, anaupima kwa kidole, anaulegeza tena. Anasema kama hataki, ataifunga mwenyewe jioni ya Alhamisi, mafundo mawili, na Ijumaa ni siku ya kazi.

Saa saba kasorobo, simu inalia juu ya meza, kati ya unga na pamba. Ni wifi. Bi Sindano ana mikono michafu, anaibonyeza kwa kiwiko iongee kwa sauti.

Wifi anaanza na hali ya nyumbani, anapita kwenye goti, anafika kwenye bei ya sabuni. Bi Sindano anaitikia, anaitikia. Nyuma ya sauti ya wifi anasikika mtu akikohoa kwa namna ya kuelekeza.

"Haya, nimeambiwa nikuulize," anasema wifi. "Siulizi mimi. Alhamisi hiyo geti linafunguliwa saa ngapi?"

Bi Sindano hanyanyui macho. Anachukua kitambaa, anafuta vidole kimoja kimoja, kama anayetafuta jibu katikati yake.

"Saa tatu," anasema. "Na mwambie aje na macho makavu. Humu unyevu unatuharibia ndege."

Upande wa pili inasikika sauti ya mzee, mbali na simu, ikiuliza ni nani aliyemwambia mdogo wake huyo kwamba watu wanakwenda huko kulia.